Rangi na rimu za gari nyumbani: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Mkuu, umesema umetoa Premio nyeusi bandarini, unataka kuitunza mwenyewe nyumbani, na ulipofika dukani ukaonyeshwa kompaundi, polishi, waksi na seramiki mpaka ukachanganyikiwa. Muuzaji akakushauri uanze na kompaundi ili gari lirudi upya, na kwa ajili ya rimu akakupa dawa ya asidi. Vyote viwili viache kwanza. Mimi gari langu ni la bluu iliyokolea, naliosha mwenyewe miaka mingi sasa, huku huku pwani, kwa maji ya kisima. Nayaongea haya kutokana na mazingira kama yako.

Juu ya ule weusi unaouona kuna klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, na klia ndiyo inayobeba mng'ao wote na kuikinga rangi dhidi ya jua. Unene wake kwa gari la kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hivi, yaani unywele mmoja wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo klia. Kompaundi ni msasa uliotiwa ndani ya krimu. Inang'arisha kwa kula klia mpaka ifike chini ya mkwaruzo, na kilicholiwa hakirudi. Gari lililotumika Japani huenda lilishapigwa polishi huko kabla halijapandishwa melini, na hujui klia imebaki kiasi gani. Kwa hiyo hela yako ya kwanza isiende kwenye kitu cha kung'arisha. Iende kwenye vitu vitakavyogusa rangi kila wiki, maana mikwaruzo ya duara duara unayoiona kwenye magari meusi juani, sehemu kubwa inatokana na kuosha na kukausha vibaya.

Nunua glavu ya kuoshea ya maikrofaiba au ya manyoya, na mataulo ya maikrofaiba. Kwenye taulo angalia uzito ulioandikwa: gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba zinatosha kwa kufutia waksi, na la kukaushia liwe zito zaidi, 800 au hata zaidi ya hapo. Lebo iliyoshonwa pembeni ikate kabisa kabla ya kulitumia, inakwaruza. Mataulo hayo yafue peke yake bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu ile dawa inaziba nyuzi na taulo halinyonyi tena. Dodoki, sponji ngumu na fulana iliyozeeka havifai kwenye rangi nyeusi. Ndoo ziwe mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia glavu kabla haijarudi kwenye povu. Ukichungulia ile ya kusuuzia baada ya kumaliza milango, utaona mchanga umetulia chini, na huo wote ungekuwa umeusugulia kwenye klia.

Sabuni ni shampoo ya gari, basi. Sabuni ya unga ni kali, inaondoa waksi na ikizoeleka inafubaza mipira na plastiki. Ya kuoshea vyombo nayo inavua waksi, kwa hiyo itumie siku ile tu unayotaka kuondoa waksi ya zamani ili upake mpya.

Sasa maji, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu maelezo ya kwenye chupa yameandikwa na watu ambao hawaoshei maji ya kisima cha pwani. Maji yetu mengi yana chumvi na chokaa. Tone likikaukia kwenye boneti nyeusi saa sita mchana linaacha duara jeupe, na ukiliacha siku nyingi na jua linaendelea kuunguza, lile duara linachimba klia. Wakati huo shampoo haisaidii tena. Osha alfajiri au jioni, kivulini, bodi ikiwa imepoa, na usuuze sehemu moja moja bila kusubiri gari zima likauke lenyewe. Msimu wa mvua mimi nakinga maji ya bati kwenye pipa, nayachuja kwa kitambaa, halafu suuzo la mwisho namwagia hayo taratibu kuanzia juu. Tofauti inaonekana wazi. Madoa mapya yafute kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: weka kwenye taulo, futa, usiiache ikae, kisha suuza na upake kinga upya, kwa sababu siki huwa inapunguza waksi. Kinyesi cha kunguru na utomvu wa mwembe visisubiri siku ya kuosha. Lowanisha na uondoe siku hiyo hiyo.

Gari likishakuwa safi na kavu, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upapase boneti kwa vidole. Ukihisi vichembe vichembe ambavyo macho hayavioni, hivyo ni chuma, lami na uchafu ulioganda kwenye klia. Gari lililosafiri baharini na kukaa kwenye yadi mara nyingi linavyo. Dawa yake ni mbili: kiondoa chembe za chuma, na udongo maalumu wa kusafishia rangi unaotelezeshwa juu ya maji ya shampoo. Udongo ukianguka chini, tupa kipande hicho, usikiokote. Na usiusugue bila utelezi wa kutosha, nao pia unakwaruza.

Kiondoa chuma ndicho ninachokushauri ununue badala ya ile asidi, kwa sababu chupa moja inafanya kazi kwenye rangi na kwenye rimu. Vumbi la breki linatoka kwenye pedi na diski likiwa na chembe za chuma za moto. Zikitua kwenye rimu zinajichimbia na kupata kutu, ndiyo maana ule weusi wa kahawia hautoki kwa sabuni. Ukipulizia hii dawa kwenye rimu iliyopoa, baada ya dakika chache inaanza kugeuka zambarau na kuchuruzika kwenye spoku kama wino. Harufu yake ni mbaya, inakaribia yai viza, kwa hiyo fanyia mahali pa wazi na uvae glavu za mpira. Isikaukie. Suuza kwa maji mengi, kisha pitisha brashi laini kwenye matundu ya nati na upande wa ndani. Ile asidi inaweza kuacha madoa ya kudumu kwenye alumini tupu, na baadhi ya asidi za rimu ni hatari mno kwa ngozi na mapafu. Nyumbani penye watoto siioni sababu ya kuiweka.

Rimu zianze kuoshwa kabla ya bodi, na ziwe na ndoo, brashi na matambara yao. Tambara lililogusa rimu lisirudi kwenye mlango hata likifuliwa.

Kuhusu tairi, ule mtindo wa kupaka mafuta ya taa au dizeli ili ziwe nyeusi uache kabisa. Mafuta hayo yanaharibu mpira. Chukua dawa ya tairi iliyotengenezwa kwa maji, paka ubavuni tu kwa sponji ndogo, futa ziada, wala isifike kwenye sehemu inayokanyaga barabara au kwenye diski ya breki.

Kinga ya juu ndiyo inayowachanganya watu wengi. Waksi ya karnauba inatoka kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, na kwenye rangi nyeusi inatoa kina kizuri kweli, lakini kwenye joto letu haidumu. Silanti ya kutengenezwa kiwandani inavumilia jua na kuoshwa mara kwa mara, na kwa gari la kila siku mimi naichagua hiyo bila kusita. Seramiki ya kupulizia nayo ni nzuri na ni rahisi. Seramiki ile ya chupa ndogo inayoganda usiijaribu mwanzoni: inataka rangi iliyoandaliwa kikamilifu, kivuli na mkono wa haraka, na ukichelewa kufuta inaganda na michirizi ambayo haitoki ila kwa polishi. Chochote utakachochagua, paka tabaka jembamba, na usiguse plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, zitabaki na weupe. Utajua kinga imeisha pale maji yanapotandaa kwenye boneti badala ya kujikusanya matone na kukimbia.

Polishi ije mwisho, kama mikwaruzo bado inakukera baada ya yote hayo. Anza na ile laini kabisa, jaribu sehemu ndogo, na utumie mashine ya mzunguko wa kutikisika, siyo ile ya mafundi inayozunguka moja kwa moja, maana hiyo ukikaa nayo ukingoni mwa bodi inatoboa klia upesi.

Kama bajeti ya mwezi huu ni ndogo, chukua glavu, mataulo, shampoo na silanti. Kiondoa chuma mwezi ujao. Ukipita kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kagua mfuniko kama una muhuri na lebo kama ina maelekezo yanayosomeka, na uanze na chupa ndogo.

Kitu kimoja sijakiona kwenye maelezo yako: rimu zako zina klia au ni alumini tupu? Chukua polishi kidogo ya chuma, sugua upande wa ndani usioonekana kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheusi, ni alumini tupu, na hapo kabla ya kupulizia dawa yoyote soma kama lebo inaruhusu. Lete jibu na picha ya karibu nikuelekeze.