Maswali ya Wasomaji: Kuwasha Kompyuta kwa Flashi

SWALI: Habari za kazi. SACCOS yetu hulipa mishahara na mikopo kupitia tovuti ya benki, kwenye kompyuta moja ya ofisi ambayo kila mtu huchomeka flashi yake. Kijana mmoja ametushauri tuweke mfumo wa Tails kwenye flashi, siku za malipo tuiwashe kompyuta kwa hiyo flashi badala ya Windows. Anatupotosha? – Mhasibu, Morogoro

JIBU: Wazo ni zuri, ila Tails siyo ya kazi hiyo. Tails hupitisha kila kitu kwenye Tor, mtandao unaoficha mahali ulipo kwa kupitia kompyuta za nchi mbalimbali, hivyo benki itamwona mteja wa Morogoro akiingia leo kutoka Ujerumani na kesho kutoka Romania. Akaunti yenu inaweza kufungiwa siku hiyohiyo ya mishahara. Tumieni Ubuntu ya kawaida, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows.

Kinachofanyika ni hiki: mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) unasomwa kutoka kwenye flashi na kufanya kazi ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Windows haiwaki kabisa, kwa hiyo programu ya wizi iliyojificha humo nayo haipati nafasi ya kuamka. Mwandishi Brian Krebs aliwashauri wenye biashara ndogo Marekani wafanye hivi tangu 2009, kwenye Washington Post. Wakati huo ilitumika CD, nayo ilikuwa na uzuri mmoja: ikishachomwa haibadiliki. Flashi inabadilika. Yenu ikishaandaliwa ifungiwe kabatini, isichomekwe kamwe kwenye Windows inayowaka.

Nunueni flashi mpya ya GB 8 au zaidi, maana faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Kompyuta iwe na RAM ya GB 4 au zaidi. Pakueni faili kutoka ubuntu.com kwa kutumia kompyuta nyingine, siyo hiyo mnayoishuku. Likishashuka, fungueni dirisha la amri na muandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zilinganisheni na zile zilizowekwa kwenye tovuti ya Ubuntu. Ikitofautiana hata moja, faili limeharibika njiani au limechezewa: lifuteni, mpakue upya. Zikifanana, tumieni programu ya Rufus kuiandaa flashi.

Siku ya malipo msiizime kompyuta kwa "Shut down" ya kawaida. Windows 10 na 11 mara nyingi hujifanya zimezimika kumbe zimesinzia tu. Shikilieni Shift huku mkibofya Restart, chagueni "Use a device", kisha flashi. Njia nyingine ni kubonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia mara tu kompyuta inapoanza: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Ubuntu itauliza mnataka kuijaribu au kuisakinisha. Jaribuni! Mkibofya kusakinisha na kuendelea bila kusoma, diski nzima ya ofisi inaweza kufutika.

Unganisheni intaneti, fungueni Firefox, andikeni anwani ya benki kwa mkono, lipeni, zimeni. Msipite hata kusoma barua pepe. Firefox hutoa toleo jipya takriban kila wiki 4, lakini ile iliyomo kwenye flashi imeganda pale ilipoandikwa, na kadiri inavyozeeka ndivyo tovuti mbaya inavyoweza kuidhuru. Toleo dogo jipya la 24.04 likitoka, andaeni flashi upya.

Mkirudi kwenye Windows msishtuke mkikuta saa imerudi nyuma kwa saa 3. Siyo kirusi. Ubuntu huweka saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya UTC, Windows huisoma kana kwamba ni ya Afrika Mashariki. Ingieni kwenye mipangilio ya saa, bofyeni "Sync now".

Sasa pale ambapo flashi haisaidii. Tapeli akihamishia kwake laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho, atapokea namba hizo yeye. Ankara ikija na namba ya akaunti iliyobadilishwa, mhasibu ataiingiza vilevile, iwe Windows au Ubuntu. Na kifaa kidogo cha kunasa vibonyezo kikichomekwa kati ya kibodi na kompyuta, kitanasa nenosiri bila kujali mfumo. Angalieni nyuma ya mashine kabla ya kuanza. Kwa hiyo iombeni benki iweke utaratibu wa mmoja kuingiza malipo na mwingine kuyaidhinisha, kila mmoja na simu yake. Kama pesa ya kutekeleza inatosha jambo moja tu, sisi tungeanza na hilo kabla ya flashi.

SWALI: Fundi aliwasha kompyuta yangu kwa flashi yake, akafungua mafaili yote bila kuniuliza nenosiri. Ni uchawi gani? – Katibu muhtasi, Mombasa

JIBU: Hakuna uchawi, dada. Nenosiri la Windows ni bawabu wa Windows tu. Isipowashwa, hakuna anayelinda mlango. Kinachozuia ni kuisimba diski yenyewe, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker, programu iliyomo kwenye Windows Pro. Ukishaiwasha, fundi akija na flashi ataiona diski lakini hataweza kuisoma. Ongeza nenosiri la BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na uzime humo uwezo wa kuwasha kwa USB.

Kabla ya yote, chapisha ufunguo wa dharura wa BitLocker, wenye tarakimu 48, uuweke mbali na kompyuta. Ukigusa Secure Boot (kinga inayokagua kinachoiwasha kompyuta) au mpangilio mwingine wa BIOS bila kuisimamisha BitLocker kwanza, kompyuta inaweza kukudai ufunguo huo. Usipokuwa nao, na kama haukuhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft au ofisini, mafaili hayafunguki tena.

SWALI: Windows imegoma kuwaka. Nimeingia kwa Ubuntu ya flashi niokoe picha, lakini diski haionekani. Imekufa? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Huenda ni nzima. Ingia BIOS uangalie diski imewekwa kwenye hali gani. Laptopu nyingi za Intel huja na RST au RAID, namna maalumu za kompyuta kuzungumza na diski, na Ubuntu mara nyingi haiioni diski ikiwa hivyo. Ibadilishe iwe AHCI, namna ya kawaida, nakili picha kwenye diski ya nje, kisha uirudishe ilivyokuwa kabla ya kujaribu Windows tena, la sivyo itakuletea skrini ya buluu. Diski ikionekana lakini inatoa mlio wa tik-tik, usifungue picha mojamoja. Tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, kunakili diski nzima kwenda kwenye nyingine yenye nafasi ya kutosha, uzitafute picha kwenye hiyo nakala.