Mipaka ya maeneobunge Pwani: maswali yenu na majibu

Mimi niko Mikindani miaka yote, zamani nilikuwa napiga kura Changamwe, sijahama nyumba, mbona sasa naambiwa niko Jomvu?

Ni mpaka uliohama, ndugu yangu. Mwaka 2012 IEBC, yaani tume ya uchaguzi na mipaka, ilikata Changamwe ikatoa Jomvu, na Kisauni ikatoa Nyali, ndo Mombasa ikatoka maeneobunge 4 ikawa 6. Kilifi vilevile, Bahari ikawa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini, Rabai ikatolewa Kaloleni. Na si mara ya kwanza manake tulipopata uhuru viti vilikuwa 117, Seneti ilipounganishwa na Bunge 1966 vikawa 158, uchaguzi wa 1988 vikawa 188, wa 1997 vikawa 210, na 2013 tukapiga kura na 290. Kila mara kuna mtu analala huku anaamka kule, na hata fomu ya basari ya mtoto inabidi aipeleke ofisi nyingine ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge.

Mombasa tumejaa, si watuongezee viti tu?

Hapa ndipo wengi hawaambiwi ukweli na wanasiasa. Katiba imesema maeneobunge ni 290, basi, na tume haina ruhusa ya kuongeza hata moja bila katiba yenyewe kubadilishwa, kwa hivyo kiti kikija kwetu lazima kitoke kaunti nyingine. Kipimo ni sensa: mwaka 2019 Wakenya walikuwa 47,564,296, gawanya kwa 290 unapata kama watu 164,000 kila eneobunge. Mombasa tulikuwa 1,208,333, hiyo ni viti 7 na kitu, tuko na 6. Kilifi kwa hesabu hiyo inakaribia 9 na iko na 7. Sasa geukia Taita Taveta, hesabu inasema 2 na wako na 4, Tana River inasema karibu 2 na wako na 3. Si lazima watu walingane kabisa, katiba imeacha nafasi ya asilimia 40 juu au chini kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, kwingine ni 30.

Lamu Mashariki wana mbunge wao na watu ni wachache vile, imekuaje?

Sensa ya 2019 ilihesabu 22,258, na hata ukishuka zile asilimia 40 kiwango cha chini ni kama 98,000. 2012 waliokolewa na kipengele cha mpito cha katiba, kilichokinga maeneobunge ya zamani yasifutwe kwa ile awamu ya kwanza peke yake, yalikuwa 27 hivi nchi nzima. Kinga hiyo imeisha. Kaunti nzima ya Lamu ni watu 143,920, yaani haifiki hata kiti kimoja kamili, na mimi hili linaniuma kusema kweli, manake mtu wa Kizingitini au Kiunga akitaka kumuona mbunge ni boti na bahari, na katiba hiyohiyo inataka tume iangalie jiografia, usafiri na uhusiano wa jamii. Ndio maana naona tukidai kiti cha saba Mombasa tudai tukijua kinaweza kutoka kwa nani.

Si walisema mipaka inabadilishwa 2024?

Ilitakiwa. Sheria ni kila baada ya miaka 8 mpaka 12, na 12 ilitimia Machi 2024, lakini tume ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, sasa nani angekaa kuchora? Pia kazi isipoisha miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, ule uchaguzi unafanywa na mipaka ya zamani.

Mtwapa inaweza kuja Mombasa?

Huo ni mpaka wa kaunti, mambo mengine kabisa. Inahitaji tume maalum halafu theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya Seneti.

Sisi wa kawaida tunaingilia wapi?

Kwenye vikao vya maoni, kabla ramani haijapita. Nendeni na maandishi, mtaje vijiji, barabara, mto, shule, si kulalamika tu kwamba mmeonewa. Ikishachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali una siku 30 za kwenda mahakamani na kesi inatakiwa kuisha ndani ya miezi 3, na siku 30 zikikupita umechelewa.