Kabla ya kumtafuta mfadhili, kaa kwenye benchi la kliniki

Juzi kijana mmoja wa chuo ameniandikia: "Dada, programu yangu ya simu kwa wagonjwa wa kisukari imekaribia kukamilika. Imebaki kupata mfadhili na wagonjwa wa kuijaribu." Niliusoma ujumbe wake ndani ya daladala ya Mbagala, hapa Dar es Salaam, nikaurudia mara tatu. Wagonjwa wamekuja mwisho, nyuma ya mfadhili. Nimeona nimjibu hapahapa, maana najua mko wengi mnaojenga vitu vya afya kwenye vyumba vya kupanga, mkiota vitumike nchi nzima. Na mimi niliota hivyohivyo.

Tulikuwa watatu. Ofisi Mikocheni, kiyoyozi, intaneti ya kasi, ubao umejaa mishale. Tulitengeneza programu ya kuwakumbusha watu wa presha kumeza dawa. Ilikuwa nzuri, nasema bila aibu: rangi zimetulia, maandishi yanasomeka, Kiswahili fasaha. Tukaipeleka kwenye mashindano, tukashinda, tukapigwa picha na ile hundi kubwa ya karatasi ngumu. Mama yangu aliitundika picha ile sebuleni.

Habari za vikao na vibali siwachoshi nazo. Nawapeleka moja kwa moja kwenye kliniki ya presha, kituo kimoja cha afya upande wa Temeke, siku muuguzi aliponiita pembeni. Kulikuwa na bibi ambaye mjukuu wake alimwekea programu yetu. Dawa yake ni asubuhi na jioni. Siku hiyo presha ilikuwa imepanda kuliko alipoanza kutumia kitu chetu.

Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza anamezaje.

"Kama mlivyoandika, mwanangu. Saa nane."

Kwenye kioo tuliandika 8:00. Bibi alisoma nane, akasubiri mchana ufike. Na ya jioni je? "Hiyo imeandikwa saa ishirini. Nikamuuliza mjukuu, akasema labda wamekosea. Nikaiacha."

Na mlio wa kumkumbusha? Ulikuwa unalia kila siku, ila ulilia Kariakoo, maana simu janja ni ya mjukuu na mjukuu anauza viatu huko. Bibi alikuwa na kiswaswadu chake cha vitufe kimefungwa kwenye upindo wa kanga. Ratiba aliiona usiku mjukuu akirudi.

Mimi nimezaliwa Temeke. Saa nimefundishwa na babu yangu: jua likichomoza hesabu inaanza, na watu wakienda kazini ni saa mbili. Halafu nikakaa Mikocheni nikaandika 8:00 kwa kuwa kompyuta ndivyo inavyotaka. Niliporudi ofisini kueleza, mwenzangu mmoja alisema, "Tatizo wagonjwa wetu hawajaelimika." Miaka imepita na neno lile bado linaniuma. Bibi yule ndiye mweka hazina wa kikoba chao, hesabu za watu wote anazo kichwani, na leo anaambiwa hajui kusoma saa!

Mtaniambia mliwajaribisha watu. Hata sisi tuliwajaribisha, watano kamili, kwa kuwa tulisoma maandishi ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Watano wetu walikuwa mhasibu, dada wa mapokezi na marafiki watatu wenye simu janja. Nielsen alikuwa anazungumzia watumiaji wenyewe, na kama makundi yanatofautiana, kila kundi lijaribiwe kivyake. Hilo tuliliruka. Ubunifu unaoanzia kwa mtumiaji haukuzaliwa jana. Wataalamu Donald Norman na Stephen Draper walilitolea kitabu jambo hili mwaka 1986, na kipo kiwango cha kimataifa, ISO 9241-210, kinachotaka umwelewe mtumiaji, kazi yake na mazingira yake, umshirikishe tangu mwanzo hadi mwisho, na urudie kurekebisha kadiri unavyojifunza. Nilikuwa nacho kwenye kompyuta. Mazingira, niliyaelewa kuwa ni aina ya simu.

Kosa la pili nalisimulia kwa shida. Mama mmoja alikuwa anapika kwa watu, na simu anaiacha juu ya kabati la jikoni. Programu yetu ikatoa ujumbe juu ya kioo: "Kumbuka dawa yako ya presha." Mwajiri akausoma. Kuanzia hapo ikawa anaulizwa kila siku kama hataanguka na sufuria la moto, na mwisho wa mwezi akaambiwa apumzike. Hakuna aliyenilaumu. Yeye mwenyewe alinipigia kuuliza namna ya kuifuta, kwa adabu, akanishukuru. Sasa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Ila hata bila sheria, neno moja "presha" tungeliondoa tu. "Kumbuka ratiba yako" ingetosha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kaa kwenye benchi. Kliniki nyingi watu wanafika alfajiri; nenda alfajiri, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, bila laptopu. Tazama simu zinazotoka mikobani. Tazama nani amesindikizwa na nani, nani anaazima miwani ya jirani asome kadi. Soma bahasha za dawa: zimeandikwa 1 x 2, 1 x 3, na kila mtu pale anajua maana yake ni moja kutwa mara mbili, moja kutwa mara tatu. Lugha ya kumeza dawa tayari ipo, wewe unakuja kuitungia nyingine ya nini?

Na usimuulize mtu mzima, "Mama, umeipenda?" Atakwambia nzuri, hongera mwanangu, Mungu akuzidishie. Hawezi kumvunja moyo mtoto wa mwenzake aliyetoka mbali. Mpe kazi: "Naomba umwelekeze huyu jirani yako namna ya kuweka saa ya dawa." Kisha funga mdomo. Akianza kumfundisha mwenzake, kasoro zako zote zitatoka zenyewe, na utasikia maneno wanayoyatumia wao. Mimi nimejifunza zaidi asubuhi moja ya namna hiyo kuliko kwenye vikao vyote vya ubao mweupe. Kaa kwenye benchi, nasema tena. Mnapenda sana kuita watu "walengwa" na huku hamjawahi kupanga nao foleni ya dirisha la dawa.

Ile programu haipo tena. Tulichonacho leo ni simu inayompigia mgonjwa kwenye kiswaswadu chake, sauti ya mwanamke mtu mzima ikisema "asubuhi, baada ya chai", na muhuri wa jua na mwezi kwenye bahasha. Hakipigiwi picha za mashindano. Wiki iliyopita muuguzi aliniambia bibi wawili waligombea muhuri kwa kuwa mmoja alipigiwa mwezi peke yake. Nilifurahi kuliko siku ya hundi.

Kliniki ya presha ni Jumanne. Nakusubiri kituoni Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, twende pamoja. Njoo na daftari na kalamu, na uvae viatu vya kusimama.