Jibu: mwili mzima unauma, halafu naambiwa niende kwa mwanasaikolojia

Dada, umesema vipimo vyote safi, daktari amekuandikia uende kwa mwanasaikolojia, na shemeji anadai umeitwa chizi kistaarabu. Mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, nina fibromialjia kama wewe, yaani ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima. Nenda.

Hakuna aliyesema unajitungia. Kwenye ugonjwa huu ubongo na mishipa ya fahamu hukuza ishara za maumivu, ndiyo maana X-ray haioni kitu na wewe hulali. Usingizi mbovu, hofu na msongo huzidi kuzikuza. Hapo ndipo pa kushika.

Tiba ya fikra na tabia, ndiyo niliyopewa na mwanasaikolojia, kwangu haikuwa kulia na kusimulia utoto. Nilipewa daftari: andika umefanya nini, saa ngapi, mwili umesemaje baadaye. Kumbe siku nikiamka nafuu nafua mashuka, namaliza oda za harusi, nasugua mpaka masufuria; kesho yake sinyanyuki. Basi mimi na mwanasaikolojia tukaweka alamu ya dakika 20. Ikilia naacha cherehani, hata kola ikiwa imeshonwa nusu, hasa mkono ukiwa bado una nguvu. Jaribu hilo mteja wa Jumamosi amekaa anakukodolea macho! Tukashughulikia na lile wazo la "nitapooza" lililonifanya niogope hata kutembea. Nikaanza na mwendo wa hadi kituo cha daladala cha mbele, taratibu.

Usitegemee maumivu yaishe. Tafiti zinaonyesha yanapungua kidogo tu. Mimi naona faida zaidi kwenye kazi na kwenye moyo. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 wa maumivu sugu ya namna hii unataja mazoezi, tiba hii na baadhi ya dawa za sonona kama amitriptilini. Panadol na diklofenaki tunazomeza kama karanga unasema zisianzishwe kwa ajili hii.

Muhimbili wana huduma za afya ya akili, usiogope kibao cha mlangoni. Popote uendapo, uliza kwanza kama bima inalipa, na kama mtaalamu ameshawahi kushughulika na maumivu sugu. Wa kwanza niliyempata alikuwa ananipa nasaha na maombi tu, nikahama.

Shemeji akikubali, nenda naye kikao kimoja aulize mwenyewe. Na dawa ulizoandikiwa usiziache kisa umeanza vikao, mpaka daktari aseme.