Maswali ya Jikoni: Viungo Vyote Vimo, Ladha Haimo

Swali: Nafuata maelekezo neno kwa neno. Natia jira, giligilani, manjano, iliki, hata mdalasini. Mchuzi unatoka na rangi nzuri, lakini ukionja, viungo viko kivyake na maji yako kivyake. Nakosea wapi?

Jibu: Karibu kila mara kosa hili hutokea kabla maji hayajaingia sufuriani. Harufu ya viungo vingi huyeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukivimwaga kwenye mchuzi unaochemka, vinaelea tu na kuacha ladha ya vumbi. Halafu kuna kitunguu, ambacho ndicho kinachobeba mchuzi mzima, na wengi hukiharakisha.

Tuchukue kuku wa kilo 1 aliyekatwa vipande. Andaa vitunguu maji 3 (kama gramu 400) vilivyokatwa vyembamba kwa unene mmoja, maana chembamba kitaungua huku kinene bado kibichi. Nyanya 3 zilizoiva. Punje 6 za kitunguu saumu na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vitwangwe pamoja. Mafuta vijiko 4 vya chakula. Ukiyabania hapa hutaiona ile alama tutakayoitaja baadaye. Viungo vizima: jira kijiko 1 cha chai, iliki 4, karafuu 3, kijiti kimoja cha mdalasini. Vya unga: giligilani kijiko 1 cha chakula, jira vijiko 2 vya chai, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili kijiko 1 cha chai au pungufu. Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai kwa jumla.

Pasha mafuta kwa moto wa wastani, udondoshe mbegu moja ya jira. Ikizama kimya, subiri. Ikizungukwa na vipovu papo hapo, mafuta yako tayari. Ikigeuka nyeusi, yamepitiliza. Epua yapoe kidogo. Tia viungo vizima kwa nusu dakika, kisha vitunguu pamoja na robo kijiko cha chumvi, ambayo husaidia kuvitoa maji.

Sasa vumilia dakika 20 hadi 25. Mwanzoni vitunguu vitalainika na kung'aa tu bila kubadilika rangi, kwa sababu maji yaliyomo hayaruhusu joto lake kupanda sana kupita nyuzi 100. Rangi ya kahawia huja maji yakishakauka. Hata sikio litakwambia: ule mlio wa kutokota unageuka kuwa mchacharisho mkavu. Hapo punguza moto na usiache kukoroga, maana kutoka kahawia hadi nyeusi si mbali. Maelekezo yanayosema "kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe vya kahawia" hayakuandikwa na mtu aliyetazama saa.

Vikifika rangi ya asali nzito, tia saumu na tangawizi, ukoroge dakika 1 au 2 mpaka harufu ya ubichi iishe. Viungo vya unga vikoroge kwanza kwenye bakuli na maji vijiko 3 viwe rojo, ndipo uvimimine. Unga mkavu kwenye mafuta ya moto huungua kabla hujafika kwenye nyanya. Rojo linakupa dakika moja au mbili za kuukaanga kwa amani. Fuatisha nyanya na chumvi iliyobaki, uache zikaangike dakika 10 hadi 12. Ili kujua zimeiva, pitisha mwiko katikati ya sufuria. Mfereji ukijifunga, maji bado yamo. Ukibaki wazi na mafuta yakichuruzika pembeni, umefika.

Tia kuku, mgeuzegeuze dakika 5, ongeza kikombe 1 cha maji ya moto, funika ukiacha upenyo, upike kwa moto mdogo dakika 30. Onja. Ladha ikiwa bado imelala, jaribu chumvi kidogo, kisha matone ya ndimu. Mara nyingi hicho ndicho kilichokosekana, wala si viungo zaidi.

Swali: Tui langu hukatika kila mara, na mtindi ndiyo kabisa, unakuwa mabonge. Je, ni moto?

Jibu: Moto umo, ila mambo haya mawili hayafanani. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na likichemka kwa nguvu mafuta hujitenga. Pikia kwa tui jepesi, lile zito liingie dakika 5 za mwisho kwa moto mdogo, mchuzi ukitikisika tu bila kutokota. Ndimu subiri mpaka umeepua. Likikatika halijaharibika, sura tu ndiyo imekwenda.

Mtindi una protini zinazoganda zikikutana na joto la ghafla, na uchachu wake unachochea. Utoe kwenye friji nusu saa kabla. Kwa kikombe 1, upige pamoja na kijiko 1 cha chai cha unga wa dengu au wa ngano. Wanga wake huzuia protini kushikana. Epua sufuria, tia kijiko kimoja kimoja ukikoroga kila mara, kisha rudisha kwenye moto mdogo. Mtindi uliotolewa mafuta ndio unaosumbua zaidi, kwa hiyo chagua wenye mafuta.

Swali: Maelekezo yameandika "bizari" tu. Nitie ipi?

Jibu: Lawama si yako. Kwa wengine bizari ni manjano, kwa wengine ni jira, na kwa wengine ni ule unga uliochanganywa tayari kwa ajili ya mchuzi. Tazama kipimo. Ikiwa ni nusu kijiko cha chai na viungo vingine vimetajwa kando, huenda ni manjano. Ikiwa ni kijiko cha chakula kizima au viwili na hakuna kiungo kingine cha unga, ni mchanganyiko. Ukikosea ukatia vijiko viwili vya chakula vya manjano matupu, utapata mchuzi mchungu wenye ladha ya udongo.

Kabla ya kutia yoyote, sugua chembe kidogo kiganjani, unuse. Kama ni lazima uinamishe pua ndipo usikie, unga huo umechoka. Viungo vya unga hupungua nguvu ndani ya miezi kadhaa. Vizima hudumu zaidi, ndiyo maana inafaa kusaga kidogo kidogo.

Swali: Mchuzi umekuwa mchungu. Sukari itasaidia?

Jibu: Itauficha kidogo, haitauondoa. Mshukiwa wa kwanza ni saumu iliyoungua, wa pili viungo vya unga vilivyoungua, wa tatu uwatu. Mbegu za uwatu zisizidi robo kijiko cha chai kwa kilo moja ya nyama, na zikaangwe mpaka ziive rangi tu. Zikiwa nyekundu-nyeusi uchungu wake ni wa dawa. Ukiona chembe nyeusi na harufu kali ya moshi kabla nyama haijaingia, mwaga uanze upya. Umepoteza vitunguu vitatu, nyama iko salama.

Swali: Chumvi imezidi. Ni kweli kiazi huivuta?

Jibu: Kiazi hufyonza mchuzi pamoja na chumvi yake, lakini kile kinachobaki sufuriani ni chenye chumvi ile ile. Kinachosaidia ni kuongeza kisicho na chumvi: maji ya moto, tui, au nyanya zilizokaangwa pembeni. Viazi pia vinafaa, mradi utie vingi na uviache humo viliwe.