Kukodisha mchezo wa bahati nasibu: je, asilimia yake ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum shehe wangu. Mimi ni kijana wa Buzuruga hapa Mwanza, kazi yangu ni kuandika programu. Nimebuni mchezo wa bahati nasibu wa kwenye kimashine cha mkononi: mteja anachagua namba, kioo kinafunguka, anajua papo hapo kama kapata au kakosa. Kampuni moja inataka tufunge mkataba wa leseni wa miaka 5. Mchezo unabaki mali yangu, wao wanautumia, nami napata asilimia 4 ya kila pesa inayochezwa. Wameshanitangulizia shilingi milioni 1, nimelipia kodi ya nyumba na ada ya mdogo wangu. Sijasaini. Ustadhi mmoja kaniambia nisaini tu, kwa kuwa mimi sichezi, nakodisha haki yangu, na kampuni ina kibali cha serikali. Mke wangu hataki kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, usisaini.

Uharamu wa kamari sina haja ya kukueleza. Aya ya 90 ya Suratul Maida unaijua, ndiyo maana roho imekusuta ukaandika. Kilichonifanya nijibu kwa urefu ni maneno ya huyo ustadhi, kwa sababu nimeyasikia tena na tena na yanawaingiza vijana wetu shimoni wakiwa wameshika tasbihi.

Anaposema ulichobuni ni haki yako, hapo kasema kweli. Wanazuoni wa Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Kuwait, Desemba 1988, walikubali kwamba haki za ubunifu na utunzi ni mali inayolindwa na sheria yetu. Lakini nyumba nayo ni mali yako, na bado huruhusiwi kumpangisha mtu unayejua anafungua danguro.

Nadhani ustadhi anategemea kauli ya Imamu Abu Hanifa, Mungu amrehemu, kwamba inajuzu kumuuzia maji ya zabibu mtu atakayeyageuza pombe, kwa kuwa dhambi inakuja baadaye kwa kitendo cha mnunuzi. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakumfuata katika hilo. Na sisi huku tunasoma madhehebu ya Shafii: ukishuku tu, ni makuruhu, ukijua kwa yakini, ni haramu. Wewe unajua kwa yakini, imeandikwa ndani ya mkataba.

Hata tukimwachia kauli hiyo, haimsaidii. Zabibu ni tunda. Unaweza kulila, unaweza kulikausha. Mchezo wako una matumizi gani mengine? Kisha nenda kafungue ulichokiandika. Kuna mstari mle unaosema katika kila shilingi 100 zinazoingia, ngapi zirudi kwa wachezaji na ngapi zisirudi. Mstari huo umeuandika wewe, kwa mkono wako, ukakaa ukaujaribu mpaka hesabu ikakubali. Mwenye kuuza kisu hajui kitamkata nani. Wewe umeshapanga kwamba wachezaji kwa ujumla wao watakosa, na watakosa kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo kamari yenyewe. Kampuni inaibeba tu mtaani.

Halafu hiyo asilimia 4. Ungelipwa mara moja ukaondoka, bado ningekukataza, ila hapa mambo ni mazito zaidi. Kila anayeweka mia mbili yake, wewe una fungu lako ndani. Huyo si mpangishaji, ni mshirika.

Kuhusu kibali, ni kweli ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na ipo Bodi inayosimamia. Baa nazo zina leseni. Sheria ya nchi imeruhusu, haijakulazimisha.

Mwezi uliopita nilikwenda mwalo mmoja upande wa Kayenze kuzika. Zilikuwa siku za mbalamwezi, na wewe mtoto wa Mwanza unajua, mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo wavuvi wako nchi kavu na mgao wao mfukoni. Chini ya mti niliwakuta vijana sita wamezunguka kimashine kimoja. Kioo chake kilikuwa kimeganda magamba ya dagaa, aliyekishika anakifuta kwa fulana ili aone namba. Mtoto wa kike, hata miaka kumi hajafika, amesimama pembeni na kisado kitupu, anamngoja babake ampe hela ya unga. Tulizika, tukasoma dua, tukarudi njia ileile. Yule mtoto alikuwa bado amesimama.

Sikusemi wewe kwa hilo, maana mchezo wako haujatoka. Namshukuru Mungu haujatoka.

Sasa ile milioni. Mkataba haujafungwa, kwa hiyo si ujira wako, ni deni. Waandikie barua ya heshima kwamba umejitoa na utawarudishia kidogo kidogo. Ukishindwa, njoo: wenye madeni, al-gharimina, wametajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba miongoni mwa wanaostahiki zaka, na deni lililotokana na kodi na ada halina aibu. Nitasema na kamati ya msikiti.

Kuhusu riziki, nisikilize kama mzazi. Mtu aliyeweza kufanya kimashine kidogo kitunze hesabu, kitume taarifa kwa mtandao na kitoe risiti, hana sababu ya kufa njaa Mwanza. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri uwaone wanaouza dagaa kwa magunia: hesabu ziko kwenye madaftari yaliyolowa, na ugomvi wa nani kalipa nani hajalipa hauishi. Futa ule mstari wa kamari, yaliyobaki wapelekee hao. Nawajua wafanyabiashara wawili pale wanaosali nasi, nitakutambulisha baada ya Alasiri siku yoyote utakayokuja.

Na uje na mkeo. Alikukataza wakati kodi ikidaiwa na yeye ndiye anayelala humo ndani. Mwambie nimemsalimia.