Muulize Wakili: Riwaya nzima haiwi kifungu

SWALI: Assalam aleikum Wakili. Nafundisha Fasihi kisiwani Lamu. Darasani nina wanafunzi 38, na riwaya tunayoisoma tunazo nakala sita tu. Muhula uliopita nilikipeleka kitabu duka la fotokopi, kikatolewa kopi kurasa zote, wanafunzi wakachanga pesa za karatasi. Mimi sikupata hata senti. Sasa mwalimu mkuu asema nimevunja sheria. Nilimjibu kwamba kwa ajili ya elimu yaruhusiwa. Nani mkweli? *Maalim, Shela*

JIBU: Waaleikum salaam, Maalim. Mkweli ni mwalimu mkuu, na najua hulipendi jibu hilo. Mke wangu, naye mwalimu, nilipompa jibu kama hilo alininunia mpaka Isha.

Hayo ya "kwa ajili ya elimu yaruhusiwa" nayasikia Malindi nzima, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake ya 2019, haisemi hivyo. Inachotoa ni ruhusa ndogo ndogo, kila moja na masharti yake. Ukitengeneza mkusanyiko wa kusomea wa shule iliyosajiliwa, waweza kutia ndani vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kitabu kimoja, mradi utaje jina la kitabu na la mwandishi. Viwili, tena vifupi. Kwamba hukula faida ni jambo la kukusifu, ila mwandishi amekosa wanunuzi 32 vilevile.

Na usiniambie basi utazipiga picha kurasa uzitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nakala ya simu ni nakala.

Yapo unayoweza kufanya bila kumwomba mtu. Mtu mmoja kusoma kwa sauti mbele za watu sehemu ya kiasi ya kitabu, akimtaja mwandishi, sheria imekubali. Mwanafunzi kujinakilia kidogo kwa kujisomea mwenyewe, hilo pia halina ubaya. Hata kipindi cha masomo cha redio au televisheni, shule yaweza kukirekodi ikakitumia kufundishia. Na hizo nakala sita, gawa darasa makundi sita, kila kundi na kitabu chake, mmoja asome wenzake wasikilize. Zamani sisi tulisoma hivyo, na kelele zake twazikumbuka mpaka leo.

Ukitaka zaidi ya hapo, omba. Anwani ya mchapishaji imo kurasa za mwanzo za kitabu. Mwandikie sura gani, wanafunzi wangapi, muhula gani. Mistari mitano yatosha, na jibu lake liweke kwenye faili. Kama shule yenu hutoa kopi mwaka mzima, mwalimu mkuu aulizie leseni ya KOPIKEN, chama kinachoshughulikia haki za kunakili maandishi. Vyama vya aina hiyo husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kwa hivyo aanze kwa kupiga simu KECOBO ajue kama idhini ya chama ingali hai. Zile kopi ulizokwisha kutoa, darasa lijalo lisizirithi.

SWALI: Wakili, siku ya wazazi nataka watoto waghani beti za Mwana Kupona na za Muyaka. Ruhusa niombe kwa nani? *Mwalimu wa kike, Malindi*

JIBU: Kwa hao wawili, mwanangu, huna wa kumwomba. Hakimiliki ya maandishi hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Muyaka alifariki 1840. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na miaka 50 baada ya kifo chake imekwisha zamani. Waghani, wanakili, wachapishe kwenye kadi za mwaliko wakipenda.

Angalia tu kitabu unachozitoa. Dibaji, maelezo ya msamiati na tafsiri ni kazi ya mhariri, na huenda haki yake haijaisha. Chukua beti, maelezo yake yaache. Na ukitaka kutumia shairi la malenga aliye hai (Lamu hawajatwishia, alhamdulillahi), huyo wa kumwomba yupo, na wengi utawakuta barazani baada ya Alasiri.

SWALI: Noti zangu za Gredi ya 9 nimezikuta dukani zinauzwa kama PDF, jina langu limefutwa. Nami sikuzisajili popote. Nina haki gani? *Mwalimu, Malindi*

JIBU: Kutosajili si tatizo. Haki huanza pale kazi inapoandikwa. Usajili wa KECOBO ni hiari, ila husaidia sana ushahidi ukitakiwa. Swali gumu ni jingine: haki hiyo ni ya nani? Kazi uliyoitunga kwa ajili ya ajira yako, sheria humpa mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Noti ulizozitunga kama sehemu ya kazi ya shule huenda zikawa za mwajiri wako, na yeye ndiye wa kulalamika. Ulizozitunga kwa mradi wako binafsi ni zako.

Kabla hujaenda dukani na hasira, litafute lile daftari la kwanza ulilozitungia, lenye tarehe, pamoja na barua yako ya ajira. Duka pia lipige picha, PDF ikiwa bado yauzwa. Kisha njoo ofisini na hayo yote tuyasome.